Mafuta kwenye ini: uliza kuhusu makovu

Sinywi pombe na sijawahi kuwa mnywaji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililolazimika kulieleza, tena kwa watu wa nyumbani, niliporudi na karatasi ya ultrasaundi iliyosema ini langu lina mafuta ya daraja la 2. Shemeji yangu alicheka akasema, "Kumbe na wewe shemeji huwa unajificha!" Alikuwa anatania, lakini utani ule ulinichoma. Ugonjwa wa ini una aibu yake: watu wanakuhesabia chupa ambazo hukuzinywa. Ndiyo maana wengi wetu tunanyamaza.

Sikwenda hospitali kwa ajili ya ini. Nilikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya kula, na daktari akashuku vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Vijiwe havikuonekana, yakaonekana mafuta. Baadaye niligundua kwamba wengi hujulikana hivyohivyo, wakiwa wamefuata jambo jingine, kwa sababu ini lenye mafuta mara nyingi halina dalili yoyote. Uchovu upo kwa baadhi yetu, ila nani asiyechoka? Na si ugonjwa wa watu wachache. Duniani kote, zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila wanne anao, na walio wengi hawajui.

Aliyenikabidhi majibu alisema, "Punguza mafuta na ufanye mazoezi," akaita mgonjwa mwingine. Basi. Nilitoka pale na neno "daraja la 2" likinizunguka kichwani, nami nikalitafsiri kwa namna niliyozoea kuisikia kwenye habari za saratani, yaani hatua ya 2 kati ya 4. Usiku ule sikulala. Nilisoma kwenye simu habari za sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa, tumbo kujaa maji, kutapika damu, kupandikizwa ini. Kufika alfajiri nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani atawasomesha wanangu.

Kama kuna kitu kimoja ningependa mtu anayeshika karatasi kama ile leo akijue, ni hiki: daraja la ultrasaundi linaeleza ini linang'aa kiasi gani kwenye picha, basi. Linakadiria wingi wa mafuta, tena kwa macho ya mpigaji. Mafuta yakiwa kidogo, ultrasaundi inaweza isiyaone kabisa. Na halikuambii kama ini limeanza kupata makovu. Makovu ndiyo yanayoamua mambo. Watu wawili wanaweza kuwa na mafuta ya daraja la 3, mmoja akaishi hadi uzeeni bila ini kumsumbua, mwingine akawa njiani kuelekea sirosisi, na tofauti yao isionekane kwenye picha ile.

Hili nilifundishwa na daktari bingwa niliyempata baadaye, mama mmoja mtulivu, asiye na haraka. Aliiangalia karatasi yangu, akaigeuza, akaniuliza, "Baba, mafuta nimeyaona. Makovu yameandikwa wapi hapa?" Sikuwa na jibu. Akachukua majibu ya damu niliyokuwa nayo kwenye bahasha, yale ya kawaida kabisa, akapiga hesabu nyuma ya karatasi.

Hesabu hiyo inaitwa FIB-4, na nitaieleza kirefu kwa sababu haihitaji kipimo kipya. Inahitaji vitu vinne: umri wako, AST na ALT ambavyo ni vimeng'enya vya ini, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Unazidisha umri kwa AST. Jibu unaliweka pembeni. Kisha unatafuta kipeuo cha pili cha ALT, unakizidisha kwa idadi ya chembe sahani. Halafu unagawanya lile jibu la kwanza kwa hili la pili. Mimi nilikuwa na miaka 46, AST 48, ALT 72, chembe sahani 190. Juu ikaja 2208, chini 1612 na ushee, jibu 1.37. Angalizo: maabara nyingine huandika chembe sahani kama 190,000. Kwenye hesabu hii unaweka 190, la sivyo utapata jibu la ajabu na kujifariji bure.

Jibu likiwa chini ya 1.3, uwezekano wa kuwa na makovu makubwa ni mdogo, na mara nyingi unarudia tu baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kutegemea hali yako. Likizidi 2.67, unapelekwa kwa bingwa wa ini bila kuzungushwa. Katikati ya hapo ni eneo la mashaka, unahitaji kipimo cha pili. Kwa waliozidi miaka 65 mpaka wa chini hupandishwa hadi 2.0, kwa kuwa umri wenyewe unaivuta hesabu juu. Kwa vijana wa chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana. Nami nikawa hapo katikati, kwa nukta chache tu.

Kabla ya kipimo cha pili alihakikisha sina kitu kingine. Homa ya ini B na C zikapimwa, na kwa kuwa sikuwa nazo nikachanjwa dhidi ya B. Akaniuliza dawa zote ninazotumia, maana zipo zinazojaza ini mafuta au kuliumiza, kwa mfano steroidi za muda mrefu, tamoksifeni, methotreksati na amiodaroni. Akaniuliza kuhusu pombe mara mbili, kwa njia mbili tofauti, bila kunikebehi. Nilimheshimu kwa hilo. Ni swali ambalo ni lazima liulizwe, na ni haki yako kuliulizwa kwa staha.

Kipimo cha pili ni Fibroskani. Kina gharama, na hakipatikani kila mahali, ndiyo maana ni vizuri kuanza na FIB-4 ambayo damu yake tayari umeilipia. Hukati kitu, hudungwi sindano. Unakaa bila kula kwa saa 3 au zaidi, kwa sababu chakula hupandisha namba. Unalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Wanapaka jeli ya baridi kati ya mbavu mbili, wanaweka kichwa cha mashine, na kila kipimo kinakugonga kama mtu anayekupiga kwa ncha ya kidole. Angalau mara kumi. Mashine inapima jinsi mtikisiko ule unavyosafiri ndani ya ini: ini gumu huupitisha haraka, ini laini polepole. Wanachukua namba ya katikati.

Karatasi inatoka na namba mbili, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Moja ina herufi CAP, ni ya mafuta, na huwa ya mamia. Yangu ilikuwa 318. Macho yangu yalienda moja kwa moja kwenye 318. Yule mama akaifunika kwa kidole akasema, "Tuisome hii nyingine kwanza." Nyingine ilikuwa 8.6, kwa kipimo cha kPa. Hiyo ndiyo ya ugumu. Chini ya 8 kwa kawaida inatuliza moyo. 8 hadi 12 ni ya kufuatilia kwa karibu. Juu ya hapo makovu makubwa yanashukiwa. Madaktari huyapanga makovu kuanzia F0, yaani hakuna, hadi F4, ambayo ni sirosisi. Mimi nilikuwa mahali ambapo makovu yanaanza lakini bado yanaweza kurudi nyuma. Nilitaka kulia, sijui kwa hofu au kwa ahueni.

Nilidhani tutazungumza ini tu. Badala yake alipima shinikizo la damu, akaagiza kolesteroli, trigliseridi ambayo ni aina ya mafuta ya kwenye damu, na HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu. HbA1c ikaja 6.1, yaani bado si kisukari, ila niko mlangoni. Trigliseridi juu. Kiuno nacho alikipima kwa utepe na kukiandika. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kabisa: kwa watu wenye ini la mafuta, kinachoongoza kwa kuua ni moyo na mishipa ya damu. Ini hutangulia pale tu makovu yakishakuwa makubwa. Kwa hiyo kuhangaikia ini huku presha na kolesteroli vikiachwa ni kulinda mlango mmoja nyumba ikiwa na miwili.

Aliniandikia statini. Niligoma. Nilikuwa nimesikia tangu zamani kwamba dawa za kolesteroli zinaharibu ini, sasa ini langu lenyewe limeshaumwa? Alinieleza kwamba ALT kupanda kidogo kwa sababu ya mafuta si kizuizi, na kwamba wagonjwa kama sisi ndio tunaozihitaji zaidi. Nimekutana na wengi walioacha statini kimyakimya kwa hofu hiyohiyo. Kama unaiogopa dawa, mwambie aliyekuandikia, mbishane hapo hapo. Usiitupe ukifika nyumbani.

Sasa chakula. "Punguza mafuta" niliyoambiwa mwanzoni ilikuwa ushauri wa nusu. Mafuta yaliyo kwenye ini, sehemu ndogo tu hutoka moja kwa moja kwenye mlo wenye mafuta. Mengi hutoka kwenye akiba ya mwili yenyewe. Kwa kawaida insulini, homoni inayosimamia sukari mwilini, huziamuru seli za mafuta zitunze mzigo wake. Mwili ukianza kuisusia insulini, mzigo humwagika kwenye damu na kuelekea ini. Kongosho nalo hujaribu kufidia kwa kumwaga insulini zaidi, na insulini hiyo inalisukuma ini ligeuze sukari kuwa mafuta mapya. Fruktosi, ile sukari ya kwenye soda na juisi, huchakatwa kwa wingi na ini lenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kula vyakula vya kuchemsha kila siku, akateremshia na juisi, na ini likaendelea kujaa.

Nilianza na vinywaji. Soda, juisi za pakiti, juisi za kukamuliwa nyumbani pia, hata zile tunazoziita za asili. Tunda nalila zima. Chai bila sukari ilinishinda wiki za mwanzo, nikawa na hasira ndogondogo ambazo watu wa nyumbani walizilipia, na sijivunii. Kahawa isiyo na sukari nilibaki nayo kwa furaha, kwani tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini. Kisha wanga mweupe nikaupunguza, sahani ikajaa mboga, maharage na samaki. Sikuhama chakula cha nyumbani wala kununua unga wa maajabu.

Kuhusu uzito nilipewa hesabu. Nilikuwa na kilo 94. Kupunguza asilimia 3 hadi 5 hupunguza mafuta kwenye ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza kuvimba kwa ini. Kuanzia asilimia 10 ndipo makovu nayo yana nafasi nzuri ya kurudi nyuma. Kwangu ilimaanisha kilo 3, kilo 7, kilo 9 na kitu. Ukiwa na namba ndogo ya kuanzia, unapata moyo. Na alinionya kuhusu haraka. Wanaojifungia na njaa wakapoteza kilo nyingi kwa wiki wanaweza kulichokoza ini zaidi, na vijiwe vya nyongo navyo hujitokeza. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, na kuna wiki mizani haitasogea kabisa.

Hizo wiki za mizani kukwama ndizo zilizonijaribu. Kilichoniokoa ni kujua kwamba mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata uzito ukibaki palepale. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee lakini bado uweze kuongea. Mimi natembea kwa kasi, na nimeongeza mazoezi ya kunyanyua uzito wa mwili wangu mwenyewe, maana misuli ndiyo mteja mkubwa wa sukari. Kuna siku nilitembea nikiwa nimenuna. Zinahesabika pia.

Pombe, kwa mtu ambaye makovu yameshaanza, ushauri alionipa daktari ulikuwa mfupi: hata kidogo, hapana. Kwangu haikuwa kazi. Najua kwa wengine hapo ndipo penye vita.

Shida kubwa zaidi ilitoka mahali nisipopategemea. Mama mkwe alikuja kunijulia hali akiwa na chupa ya vidonge. "Mwanangu, hivi vinasafisha ini. Vimemponya jirani yangu." Alikuwa ametoa fedha zake, na zilikuwa fedha nyingi kwake. Unamkataliaje mama? Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mama, nimepokea. Niruhusu nimwonyeshe daktari kwanza." Daktari alisoma kibandiko na kukuta chai ya kijani iliyokolezwa pamoja na manjano yaliyokolezwa. Kama kinywaji au kiungo havina neno, lakini vikiwa vimekolezwa kwenye vidonge vimeshaonekana kuumiza maini ya watu, wengine vibaya. Hakuna dawa ya "kusafisha" ini, ini lenyewe ndilo linalosafisha. Niliporudi nilimweleza mama kwamba daktari amekataza visichanganywe na dawa zangu, na ilikuwa kweli. Alikubali. Ningemwambia ni upuuzi, ningekuwa nimemvunjia heshima bila faida yoyote. Chochote unachomeza, hata cha kupewa kwa upendo, kibebe kliniki kwenye mfuko.

Dawa zenyewe zipo sasa, na utaziona zikitajwa. Marekani iliidhinisha resmetirom mwezi Machi 2024 na semaglutide mwezi Agosti 2025, zote kwa wenye ini lililovimba na makovu ya kati hadi makubwa, yaani F2 na F3, ambao hawajafika sirosisi, tena zikiambatana na mlo na mazoezi. Mimi sikuandikiwa. Vitamini E ya dozi kubwa hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa wasio na kisukari, lakini ina hatari zake, usijinunulie. Metformini inasaidia sukari, ila haijaonyesha kulitibu ini lenyewe. Na ukikuta karatasi yako imeandikwa MASLD badala ya NAFLD, kifupi cha zamani cha ini lenye mafuta yasiyotokana na pombe, usidhani umepewa ugonjwa mpya. Jina lilibadilishwa mwaka 2023.

Zaidi ya mwaka ulipopita nilirudia vipimo. Kilo 86. ALT 34, HbA1c 5.6, ugumu wa ini 6.4. Mafuta bado yapo kiasi, na daktari hakuonekana kuyajali sana. Statini naendelea nayo. Maumivu yale ya chini ya mbavu, kwa kweli, yanarudi mara mojamoja, na hakuna aliyeweza kuniambia yanatoka wapi.

Kisha nikamfikiria dada yangu mkubwa. Ana miaka 61, ana kisukari cha aina ya 2 kwa muda mrefu, na ni mwembamba tangu utoto. Hakuna aliyewahi kumtajia ini. Wembamba hauzuii ugonjwa huu, na wenye kisukari ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi ya makovu, kwa hiyo nilimwomba anitumie picha ya majibu yake ya mwisho ya damu. ALT 30, AST 38, zote ndani ya kiwango cha kawaida cha maabara ile, hakuna hata moja iliyowekewa nyota. Chembe sahani 150, nazo hazikuwekewa nyota. Nikapiga hesabu. Ikaja 2.82. Nikairudia nikidhani nimekosea kubonyeza.

"Dada, beba karatasi hii, nenda nayo kwa bingwa, na umwambie ahesabu FIB-4," nilimwambia. Akanijibu, "Wewe nawe, tangu upungue umekuwa daktari." Lakini alikwenda. Fibroskani yake ilisoma 16.2, na baada ya vipimo zaidi akaambiwa ni sirosisi ya mwanzo, ini bado linamudu kazi zake. Sasa anapigwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6 kuangalia saratani ya ini mapema, dawa zake za sukari zimepangwa upya, na mara hii ni yeye anayewatumia binamu zetu wenye kisukari ujumbe wa kuwadai majibu yao ya damu.